Adrisi, kwa R

Jumatatu, 1 Septemba

Kiraka kimefika. Kimetoka Mbale, kwa Nambozo, kabla sijanywa chai. Mtu anayetuma kazi kabla ya chai ana nia mbaya.

Nijieleze kidogo, maana shajara hii huenda ikasomwa na watu wa maana nikishaondoka duniani. Mimi ni Adrisi wa Walukuba, Jinja. Natunza mitambo ya kompyuta ya zahanati zetu, kuanzia hapa mpaka Mbale. Muuguzi akiwasha kompyuta anaandika jina na neno la siri, na programu moja tunayoiita saraka inamkagua kama askari wa geti: huyu wetu, huyu si wetu. Saraka hiyo tuliiandika wawili. Mimi Jinja, Ashiraf Mbale. Ashiraf alifariki mwishoni mwa Julai. Ini. Kiti chake sasa anakikalia Nambozo, binti wa juzi, anayeandika msimbo safi mpaka unakera.

Naandika Kiswahili kwa sababu ofisini wanakiogopa. Wakikiona kwenye karatasi wanadhani ni taarifa ya jeshi. Mama yangu alikuwa wa Mombasa, alinifundisha kutamka herufi zote, kila moja mahali pake. Watu wa huku r na l kwao ni mapacha. Wanamvalisha huyu nguo za yule. Nimewasahihisha maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Sasa kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya saraka yetu. Neno la siri halitunzwi lilivyo. Linasagwa, na saraka inatunza unga tu. Mwenyewe akija analeta mahindi yake, yanasagwa palepale, unga ukifanana na ule wa ghalani, anaingia. Kinu chetu, mimi na Ashiraf, kimechakaa. Wezi wa siku hizi wanaonja unga wakajua mahindi yalikuwa ya shamba gani. Nambozo ameleta kinu kipya. Lakini unga haurudi kuwa mahindi. Kwa hiyo kila mtumishi lazima aingie mwenyewe na neno lake, lisagwe upya. Asiyeingia kufikia Ijumaa jioni, unga wake unamwagwa, na kabati lake, yaani nafasi yake ya kuwekea mafaili, linafutwa.

Ashiraf hataingia kufikia Ijumaa.

Na kabati lake si tupu. Alipokuwa amelazwa alijirekodi akisimulia hadithi za utoto wake Nakaloke, ili binti yake Twaibah awe na sauti ya baba akikua. Simu ikaibwa palepale wodini, lakini alikuwa ameshaweka kila kitu kabatini. Kabati halifunguki bila neno lake. Hata mimi siwezi. Tulilitengeneza hivyo makusudi, tukajipongeza kwa soda.

Jumamosi ni arobaini yake. Nimemwahidi mjane wake, Jaliah, mbele ya shangazi wote wa ukoo, kwamba nitakuja na sauti. Niliinua na mkono.

Mpango: mimi ndiye mkaguzi wa kiraka. Bila sahihi yangu hakiingii. Nitakikagua mpaka kiombe maji. Wakati huo nitalipata neno la Ashiraf na kuzitoa sauti. Nambozo hataambiwa kitu, maana kuingia kwa jina la mtu mwingine ni kosa la kufukuzwa, na sheria hiyo niliiandika mimi. Tena madam Margret, bosi wetu, anatafuta mkuu wa mitambo. Simpi Nambozo fimbo ya kunichapia.

Jumanne, 2 Septemba

Nimempigia Jaliah. Nikamwuliza kama marehemu aliwahi kumtajia neno. Nikasikia kuku nyuma yake. Akasema ndiyo, siku mbili kabla ya kufariki.

“Alisema ni jina yako na mji yako, vyote pamoja. Hivyo tu.”

Jina langu! Nilikaa chini. Nikamwomba alirudie kama alivyolisikia, akalirudia kwa ulimi wao wa Nakaloke, Adlisi wa Jinja. Nikamshukuru, nikamsahihisha kwa upole, nikakata simu. Macho yalikuwa yamenilowa. Neno dhaifu sana, mtoto angelikisia, na angekuwa hai ningemkemea. Lakini jina langu!

Nikaandika: adrisiwajinja. Likakataa.

Nikaandika kwa herufi kubwa mwanzoni. Likakataa. Nikatenganisha. Nikaweka nukta. Saraka ikaniambia nimekosea mno, nirudi kesho. Maneno hayo niliyaandika mwenyewe nikiwa kijana, na nilidhani yana adabu. Hayana.

Kuhusu kiraka, nimempelekea Nambozo malalamiko ya kwanza: nafasi zimezidi mwishoni mwa mistari, maelezo yamekosa vituo, na jina la kigezo kimoja ni refu kuliko gari la miwa. Nilitegemea siku mbili. Amerekebisha vyote kabla ya saa nne, akaandika chini: asante bwana, umenisaidia kuona. Hiyo asante imeniuma kuliko tusi.

Afande Romano, mlinzi wetu, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, ameniuliza kwa nini uso wangu umekunjamana. Nikamwambia nakagua kazi. Akasema jeshini ukaguzi ulikuwa wa viatu tu, na watu walikuwa na furaha.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata kosa. Kosa tamu.

Katikati ya kiraka kuna kifungu ambacho Nambozo amekificha kwa unyenyekevu. Neno la mtu likikataa, kiraka hakimfukuzi papo hapo. Kinageuza kila r kuwa l na kila l kuwa r, kinasaga mara ya pili, na unga ukifanana, mtu anapita. Maelezo yake yanasema wauguzi wengi wa Mbale na Jinja wanafungiwa nje kila wiki kwa sababu hiyo. Leo mtu anaandika karamu, kesho kalamu, na yeye anaona ameandika kitu kilekile.

Nilicheka peke yangu mpaka Romano akaja kuchungulia.

Mkutano ulikuwa saa nane, sisi Jinja mezani, Mbale kwenye simu. Nilisimama, ingawa Mbale hawanioni. Nikasema neno la siri ni neno la siri. Nikasema anayeshindwa kutofautisha r na l arudi kwa mwalimu, asije kwa saraka. Nikasema kifungu hiki kinampa mwizi bahati ya pili bila kutoa jasho. Nikauliza kama wiki ijayo tutaletewa kiraka cha wasiojua kuhesabu. Upande wa Jinja walicheka. Upande wa Mbale kimya, nikadhani mtandao umekatika.

Haukukatika. Nambozo akajibu taratibu kwamba bahati ya pili ni ndogo, amepima, na kwamba tunawapotezea wauguzi muda wakati wagonjwa wamepanga foleni. Kisha akasema:

“Watu hawakosei, bwana. Wanaandika vile wanasema.”

Nikasema ndiyo maana kuna shule. Madam Margret alitazama saa, akasema Adrisi ni mkongwe, kifungu kiondolewe. Nambozo akasema sawa. Saa kumi kilikuwa kimeondolewa, mahali pake pamebaki pasafi kama hapakuwahi kuwa na kitu.

Ushindi! Nimenunua nusu kilo ya nyama.

Nimejaribu neno la Ashiraf tena. AdrisiJinja. ADRISIWAJINJA. Adrisi wa Walukuba, ingawa huo si mji. Yote yamekataa. Nyama nimeila baridi.

Alhamisi, 4 Septemba

Tatizo la ushindi: sina tena cha kulalamikia. Kiraka kimebaki kimenyooka, kinangoja sahihi yangu. Nikisaini, kinaanza kusaga leo hii, na kesho jioni kinamwaga. Nisiposaini, nitoe sababu.

Nikampigia Nambozo, nikamwambia ukaguzi umekwama, Jinja nzima hakuna umeme tangu asubuhi. Akasema pole sana, bwana, na akashangaa kidogo, maana bwawa la umeme liko huko huko kwetu. Nikasema ndiyo maana tunasikitika zaidi. Nilipogeuka, madam Margret alikuwa mlangoni. Juu yangu feni ilikuwa inazunguka.

Hakupandisha sauti. Amesema kiraka kisainiwe leo au nisahau kile cheo, na kuna kazi ya kutengeneza mashine za kuchapisha kule Busiu, inayomngoja mtu mwenye nafasi. Kisha akaniuliza kama kuna jambo nyumbani. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: madam, kuna kabati la Ashiraf, naomba lirukwe. Nikaiona sheria ikiwa na jina langu chini yake. Nikamwona Nambozo akisikia kwamba mkaguzi anavunja milango ya marehemu. Nikasema nyumbani ni salama.

Nikasaini.

Si neno. Nina kesho mchana kutwa. Neno ni jina langu, na jina langu nalijua kuliko mtu yeyote.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeswali Ijumaa, nimeomba dua ndefu, nimerudi ofisini, nimefunga mlango.

Nimeandika Adrisi kwa d mbili. Nimeandika Idrisi, kama lilivyo katika vitabu. Nimeandika na jina la baba yangu. Nimeandika Njeru badala ya Jinja, kwa kuwa aliwahi kunitania kwamba roho yangu iko ng'ambo ya mto. Kila mara kinu kilisaga na kila mara unga ukawa wa shamba la jirani.

Kisha saraka ikafunga. Nirudi kesho, ikasema.

Jioni kiraka kikamaliza kazi yake bila kelele. Nilikuwa nimekaa nikitazama majina yakipita, waliohama, walioacha kazi, wawili walioolewa Kenya. La Ashiraf likaja kati ya majina mengine. Limemwagwa. Limefutwa. Halikukaa kwenye kioo hata kwa pumzi moja.

Nilibaki nimekaa. Nilimkumbuka wodini, akiwa amevimba tumbo na mikono imekonda, akicheka katikati ya hadithi zake mwenyewe. Nilikuwepo. Ningeweza kusikiliza vizuri zaidi. Nilikuwa nikimkatiza kila mara ili kumsahihisha matamshi, na yeye alikuwa akisema usijali, hiyo nayo imeingia, Twaibah atakusikia na wewe.

Jumamosi, 6 Septemba

Nakaloke. Arobaini.

Mikeka ilitandikwa uani, mashehe wakasoma khitma, wanawake wakapika pilau nyuma ya nyumba. Nilikaa karibu na mlango kama mtu anayedaiwa. Twaibah amevaa gauni la Idi ingawa Idi ilishapita. Ana simu ya shangazi yake, ameichaji mpaka ikajaa, ameishika kwa mikono miwili. Baada ya dua akaja kusimama mbele yangu. Akanipa simu.

Nikasema mashine imekataa. Nikasema hivyo kwa Kiswahili, kisha kwa Luganda, kisha nikanyamaza kwa lugha zote mbili. Mtoto akamtazama mama yake. Jaliah akaichukua simu taratibu, akamtuma mtoto kwa shangazi akale. Kisha akaniuliza kama neno lilikuwa baya. Nikasema halikufungua.

“Mimi nilikuambia vile alisema,” akasema Jaliah. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Nambozo alikuwepo. Sikumtegemea. Ni Mkristo, lakini amejifunga leso kichwani, alikuwa jikoni tangu asubuhi akichambua mchele na akina mama. Alikuwa amesikia. Akanifuata kwenye tangi la maji, akaniuliza ni mashine gani iliyokataa. Nikamweleza yote, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha isipokuwa uso wangu.

Hakunilaumu. Aliniuliza kama nilitoa nakala ya kabati kabla ya Ijumaa, hata likiwa limefungwa vilevile, tungelibeba mpaka tupate neno. Nakala! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kutoa nakala. Sikutoa. Nilikuwa na uhakika na jina langu.

“Ungeniambia ni ya Ashiraf, ningeiacha,” akasema. “Ni mstari mmoja tu, bwana.”

Akasema makabati hana, ila anao unga wa zamani wa watumishi wote kwenye kompyuta yake ya majaribio. Aliuchukua ili akipime kiraka. Hautarudisha sauti. Lakini kama nataka tu kujua neno, Jumatatu anaweza kuangalia. Nikasema nataka. Sijui nilitaka ili iweje.

Pilau lilikuwa zuri. Nimelimeza kama dawa.

Jumatatu, 8 Septemba

Nambozo amepiga simu saa tatu. Amesema ameweka kiraka chake cha kwanza kwenye kompyuta ya majaribio, kile kilichokuwa na kifungu chake. Akaandika jina langu na mji wangu kama nilivyomtajia mimi. Mara ya kwanza kinu kilikataa. Mara ya pili, baada ya kugeuza herufi, kilikubali.

“Ni Adlisi wa Jinja,” akasema. “Kwa l.” Kisha akangoja, kwa kuwa ana adabu.

Kifungu nilichokiondoa kwa hotuba. Kingekuwepo Ijumaa, jina langu, kama nilivyoliandika mimi, lingenifungulia. Ningekaa tu, ningeandika vibaya kwa usahihi wangu wote, na mlango ungefunguka.

Nimelia. Nimelia mezani, kichwa juu ya kibodi, mpaka kompyuta ikaandika herufi moja ukurasa mzima. Romano ameingia, ameona, ametoka, amesimama mlangoni akawazuia watu akisema ndani kuna ukaguzi.

Kwenye barua za kazi Ashiraf aliliandika jina langu kwa r, maana nilikuwa namrudishia akikosea. Kwenye mlango wake mwenyewe alimwandika yule mtu aliyemjua. Miaka yote hiyo, kila asubuhi, kabla hajaanza kazi, aliniita. Mimi nilikuwa Jinja nakunywa chai na sikusikia. Ningempa sikio langu moja anisimulie hadithi moja, na r zake zote ziwe l, nisimkatize.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya mabadiliko makubwa katika tabia yangu. Nayaandika ili yasisahaulike.

Cheo amepewa Nambozo. Nimempongeza bila kuuma meno. Amenirudishia kile kifungu chake nikikague upya, nimekisaini bila kulalamikia hata nafasi moja. Wauguzi waingie wanavyosema. Nimemwambia Romano kwamba kiburi ni mzigo na kwamba mimi nimeutua. Akasema vizuri, afande.

Mchana Jaliah amenitumia ujumbe. Twaibah anauliza: bwana Adrisi alikuwepo baba akisimulia, kwa hiyo zile hadithi anazo. Je, anaweza kumrekodia hata moja? Nimeusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama sokoni kati ya nyanya na viatu, na moyo ukanijaa. Hiki ndicho kitu ninachoweza kumpa. Nimekimbia nyumbani, nimefunga madirisha, nimenyamazisha redio ya jirani kwa kumwomba, nimekaa kitandani na simu.

Nimechagua ile ya ng'ombe wa hajji. Ashiraf, mdogo, anaiba miwa. Ng'ombe wanatoka zizini wanamwandama. Nimeisimulia vizuri, hata kicheko chake nimekijaribu. Nikafika pale ng'ombe wanapomkimbiza mpaka balabala. Hivyo ndivyo alivyosema yeye, balabala, nakumbuka kabisa. Nikaona huyu ni mtoto, bado anajifunza, na kosa likiingia utotoni halitoki. Nikasema barabara. Nikaeleza kwamba baba yake alikuwa na kawaida ya kukosea hapo, kwamba ni r, mara mbili, na nikamtamkia polepole ulimi ukitetemeka mahali pake. Kisha nikamalizia ng'ombe. Nikatuma. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Julai.

Magharibi Jaliah amejibu. Anasema asante sana. Anasema Twaibah alisikiliza mpaka kwenye ng'ombe, kisha akamrudishia simu, akasema baba hakusema hivyo, akaenda kulala.

Nimefikiri sana. Nadhani ni zile pikipiki za nje, zimefunika sauti. Kesho nitarekodi upya kukiwa kimya, polepole zaidi, ili hizo r azisikie vizuri.